Cheo cha Machozi

"Usikae kwenye mkeka, bosi, utachafua cheo!"

Aliyesema hivyo alikuwa Masauko, na ua mzima ukaangua kicheko. Tionge, aliyekuwa ameshakunja miguu ili aketi na shangazi zake, alimkata jicho. Jicho lenyewe halikukata kitu. Kabla halijamfikia yule mwanamume lilikuwa limeshageuka tabasamu, na mashavu yake mwenyewe yakapata moto. Miaka minne ya uchumba, na bado alikuwa hajajifunza kumkasirikia.

Ilikuwa Jumamosi, na nyumbani kwa mama yake, nje kidogo ya mji wa Thyolo, watu walikuwa wamekuja kumpongeza. Chiperoni, ule ukungu wa manyunyu unaoshuka kutoka upande wa Msumbiji, ulikuwa umewaonea huruma siku hiyo, jua likachungulia. Nsima, ugali wa kwao, ilisongwa kwenye sufuria kubwa la kuazima kanisani. Kulikuwa na kuku, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na togwa ndoo nzima. Yote hayo kwa sababu Tionge, binti wa Bi Fainess, alikuwa ametangazwa meneja wa kiwanda cha chai, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti kile.

Mjomba Namakhwa, kaka mkubwa wa Bi Fainess, alisimama na bakuli lake la togwa mkononi. Kwa watu wa huko mjomba ndiye mwenye mpwa, na akisimama, hata kuku wanaodonoa uani hufukuzwa wasimpigie kelele.

"Huyu mtoto," alianza, "mwezi uliopita alitaka kutukimbia."

"Mjomba jamani!" Tionge akaguna.

"Nyamaza, sijamaliza. Alitaka kwenda Rwanda. Rwanda! Nikamuuliza, huko una nani? Likikuuma tumbo utamwambia nani, na kwa lugha gani? Utalishika tumbo umwoneshe daktari kwa kidole kama bubu?" Watu wakacheka. "Mimi niliongea, akaziba masikio. Mama yake akavimba miguu, yeye akamnunulia dawa, halafu akaendelea na safari zake kichwani. Lakini huyu bwana hapa," akamnyooshea Masauko kidole, "aliongea siku moja tu, mtoto akatulia. Sasa mtu kama huyo mimi nimkatalie nini? Mwezi ujao wajomba wa pande zote mbili tunakutana, tunakabidhiana kuku wa posa, kazi imekwisha!"

Vigelegele vilipanda. Masauko aliinamisha kichwa kwa heshima, na alipokiinua macho yao yakagongana. Tionge alitarajia kukuta furaha mle. Alikuta kitu kingine, kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla mahali alipojificha. Mara kikapotea, Masauko akamkonyeza, naye Tionge akaona haya mbele za wakubwa.

Alijiambia ni uchovu wa zamu. Mapenzi yana huruma sana. Huwasingizia watu uchovu.

Habari za kazi hizo mbili zilimjia ndani ya wiki moja ile ile, Pasaka ikiwa bado mbali kidogo. Kwanza Bwana Kainja, mkurugenzi wa kampuni, alimwita akamwambia kwamba meneja wa zamani anastaafu na kiti ni chake akikitaka. Kabla hajamaliza kuizungusha habari hiyo kichwani, akapigiwa simu na Bi Mukarwego, mama mmoja wa Kinyarwanda ambaye aliionja chai yake kwenye mnada wa Limbe akauliza kwa sauti mbele za watu, "Hii imepikwa na nani?" Bi Mukarwego alikuwa anajenga kiwanda kipya milimani kwao. Alitaka mtu wa kukianzisha, wa kuchagua mashine na kufundisha watu, na kuitafuta ladha ya chai ambayo bado haijapata jina.

Cheo cha Thyolo kilikuwa kitamu. Lakini cha Rwanda ndicho alichokuwa akikiota tangu akiwa msichana wa mafunzo, mikono yake ikinuka majani mabichi hata akila. Alikuwa ameelekea kukubali. Alishamwambia hata mdogo wake, Alinafe, ajiandae kubaki na mama.

Ndipo ikaja Jumatatu ya Pasaka. Masauko alimwomba watembee kwenye ile njia ya mikaratusi inayopita katikati ya mashamba ya chai. Hapo, bila kuanza kwa neno lolote, akalia. Tionge hakuwahi kumwona akilia, hata alipomzika baba yake kule Mulanje. Alilia mabega yakitikisika, uso ameuficha kwenye shingo ya Tionge.

"Usiende," alisema. "Kaa uchukue kiti chako hapa hapa, tuoane, tuzae, tuzeeke. Ukienda, Tionge, mimi nitabaki ganda."

Kesho yake Tionge alimpigia Bi Mukarwego akakataa. Usiku huo aliota yuko kwenye mlima asioujua, na asubuhi hakumsimulia mtu.

*

Jumatatu baada ya sherehe, Tionge alikuwa kwenye chumba cha kuonjea chai, vikombe vimepangwa mezani mbele yake, aliposikia hodi. Alipogeuka alimwona Bi Mukarwego mlangoni, mrefu, kitambaa cha hariri shingoni, akitabasamu.

"Meneja mpya! Nimekuja mnadani Limbe, nikasema siwezi kupita bila kukusalimu."

"Karibu, mama! Karibu sana." Tionge alifuta mikono kwenye aproni akampokea kwa zote mbili. Moyo ulimwuma kidogo, kama unavyouma mtu akimwona rafiki aliyemnyima kitu. "Kaa. Onja hii ya asubuhi, halafu uniambie ukweli."

Bi Mukarwego alichota kwa kijiko, akavuta kwa mlio mkali, akaizungusha mdomoni, akatema. Akafumba macho.

"Ukweli ni kwamba bado nakulilia," alisema. "Lakini yaliyopita tumeshayazika. Leo nimekuja na ombi, na kwa kuwa wewe ndiye mkubwa hapa, naona nilifikishe kwako moja kwa moja. Nataka uniachilie mtu wako mapema."

"Mtu wangu gani?"

"Hee! Una wangapi?" Bi Mukarwego akacheka. "Mchumba wako. Masauko. Ana notisi ya miezi mitatu hapa, na mimi namtaka kabla ya hapo. Wewe ningekungoja hata mwaka, kazi unaijua. Yeye inabidi aje mapema ajifunze."

Tionge aliweka kijiko mezani taratibu. Alisikia mashine za kukaushia zikinguruma nyuma ya ukuta, na alishangaa kwamba bado zinanguruma.

"Ajifunze nini, mama?"

Kicheko cha Bi Mukarwego kilififia. Alimtazama yule binti usoni, akatazama vikombe, akamtazama tena.

"Hujui," alisema kwa sauti ya chini.

"Niambie tu."

"Binti yangu, mimi nilidhani mmepanga pamoja. Alinipigia yeye mwenyewe. Akasema wewe hutakuja, mama yako ni mgonjwa wa miguu hawezi kuachwa, na kwamba yeye yuko tayari kuja mahali pako. Nikamwambia mimi siyachukui maneno ya mtu mmoja kumhusu mwingine, nangoja nisikie sauti ya Tionge mwenyewe. Na kweli ukanipigia ukakataa. Nikajua alisema kweli."

"Alikupigia lini?"

"Zamani kidogo. Kabla ya Pasaka."

"Kabla ya Pasaka lini, mama? Tafadhali. Kumbuka."

Bi Mukarwego alikunja uso akifikiri. "Ilikuwa Jumapili ya Mitende. Ndiyo. Nilikuwa natoka kanisani, nina tawi la mtende mkononi, nikalihamishia kwapani ili nipokee simu."

Jumapili ya Mitende. Wiki nzima kabla ya ile njia ya mikaratusi. Wiki nzima kabla ya machozi.

Alishika ukingo wa meza, na vikombe vikagongana vikalia. Bi Mukarwego aliinuka haraka akamshika kiwiko.

"Kaa chini, mwanangu."

"Nipo salama."

"Hupo. Nisikilize. Bado hajatia saini kwangu, anasubiri kuachiwa hapa. Mimi niko Limbe mpaka Alhamisi. Kile kiti nilikitengeneza kwa kipimo chako, na ukisema neno moja ni chako. Lakini usiseme leo. Neno la leo litakuwa la hasira."

*

Alimsubiri Masauko mwisho wa zamu. Hakumwita ofisini, mambo yao hayakuanzia ofisini. Masauko alitoka akipangusa vumbi la chai kwenye nywele, akamwona, akaja mbiombio akitabasamu.

"Bosi anatembea kwa miguu? Basi subiri nikubebe."

"Bi Mukarwego alikuwa hapa."

Tabasamu halikutoka mara moja. Lilibaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kambani, hata mvua imeanza. Manyunyu ya chiperoni yalikuwa yakiwatua mabegani. Akina mama wachuma chai walipita na vikapu mgongoni, wakawasalimu, wakapita.

"Nilikuwa nikwambie wiki hii," Masauko alisema hatimaye.

"Wiki hii."

"Nilitaka sherehe iishe kwanza. Nisikuharibie."

"Ulimpigia Jumapili ya Mitende."

Masauko aliwatazama wale akina mama wakiishia njiani.

"Masauko, nakuuliza. Siku ile ulipompigia, mimi nilikuwa nimeamua nini?"

"Tionge..."

"Nilikuwa nimeamua nini?"

"Ulikuwa unaenda." Alipangusa uso. "Ulikuwa unaenda, na mimi nilijua. Kila ukizungumza kuhusu kile kilima macho yako yanang'aa. Hukuwahi kunitazama mimi namna ile."

"Kwa hiyo ukakichukua."

"Sikukichukua! Ulikikataa mwenyewe kwa mdomo wako!"

"Baada ya wewe kulia shingoni kwangu!" Sauti ilimpanda, akaivuta chini kwa nguvu. "Ulinilowesha nguo, Masauko. Nilikwenda nyumbani sikuifua. Nikasema huyu ndiye mwanamume. Nikasema kazi zipo, mtu wa kunililia hayupo mwingine. Kumbe ulikuwa unanisogeza mlangoni ili upite wewe."

"Sikiliza basi. Sikiliza na upande wangu." Alimsogelea, Tionge akarudi nyuma hatua moja, na hatua hiyo ilimuumiza Masauko, ilionekana. "Ungeenda Rwanda, mimi ningekuwa nani? Nikufuate niwe mume wa meneja? Asubuhi nikushikie mwavuli? Ukibaki hapa, vilevile wewe ni bosi wangu. Nimeingia kiwanda hiki kabla yako, Tionge. Mimi ndiye niliyekuonesha swichi za mashine. Leo vijana wa zamu wananiita Bwana Meneja kwa kejeli. Nikatafuta njia. Mimi niende, nipate jina langu, wewe ubaki na lako. Miaka michache, nakuja likizo, tunajenga. Nilifanya kwa ajili yetu."

"Kwa ajili yetu, na mimi sikuambiwa."

"Ungekubali?"

"Ungeniuliza!" Sasa machozi yalikuwa karibu, akayakataza. "Ungekuja ukasema, Tionge, naona wivu. Ungesema, cheo chako kinanikaba koo. Ningekukumbatia. Labda ningebaki, labda tungekwenda wote. Lakini ningekuwa nimechagua mimi."

Manyunyu yaliongezeka. Alitaka kuondoka, lakini lilibaki swali moja, na alijua asipoliuliza hapo litamlia moyoni mpaka uzeeni.

"Yale machozi," alisema. "Yalikuwa ya uongo?"

Masauko aliinua uso. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama sawasawa, na Tionge aliona kwamba jibu linalokuja ni la kweli, na kwa hiyo akaliogopa.

"Hapana," Masauko alisema. "Yalikuwa ya kweli. Nililia kwa sababu nilijua ninachokufanyia."

*

Nyumbani, Bi Fainess alikuwa jikoni, miguu ameinyoosha mbele ya meko, akimenya maharage. Mjomba Namakhwa alikuwa kwenye kigoda akisubiri chakula, kama kawaida yake ya Jumatatu. Tionge alisimulia akiwa amesimama. Hakulia. Maneno yalitoka makavu kama majani yaliyopitiliza kwenye moto.

Alipomaliza, mama yake alikuwa amesahau ganda la maharage mkononi. Mjomba alikohoa.

"Mwanamume ni mwanamume," alisema. "Anatafuta riziki. Si ameiba. Mimi sioni kubwa la kuvunja..."

Tionge alimgeukia. Alikuwa mjomba wa kelele, huyu. Habari kama hii ilitakiwa kumwinua kitini akitukana mpaka majirani wajae. Mbona alizungumza polepole hivyo?

"Mjomba, ulijua?"

Mzee alitazama moto.

"Mjomba Namakhwa. Ulijua?"

"Alikuja kuniona," alisema. "Kwa adabu zote. Akaniambia, mjomba, mmoja wetu ataondoka. Akaniuliza, ungependa aondoke nani? Mimi ningejibu nini? Nikamwambia afadhali uende wewe kuliko mwanangu. Mwanamke ndiye mji, akiondoka mji unabomoka. Mwanamume hata akienda atarudi."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia ungeenda!"

Mjomba huyu ndiye aliyetakiwa kusimama mlangoni pake mchumba anapokuja na hila. Ndiyo kazi ya mjomba, ndiyo maana wanapewa kuku. Tionge alijikuta akihesabu kichwani: mchumba alijua, mjomba alijua. Na Jumamosi ile wote wawili walikula kuku wake wakimpigia makofi.

Bi Fainess aliweka ungo chini. "Na miguu yangu?" aliuliza.

"Miguu gani tena, dada?"

"Huyo kijana amewaambia watu wa Rwanda kwamba mimi siwezi kuachwa. Hayo maneno aliyatoa wapi? Mimi na huyo kijana tumewahi kukaa tukajadili miguu yangu?" Mjomba alisukuma kuni ndani ya meko. "Wewe ndiye uliyempa. Umeichukua miguu yangu, kaka, ukaifanya kamba ya kumfungia mtoto. Miguu niliyoivimbisha mimi mwenyewe kwa kuchuma chai mpaka huyu akasoma!"

"Fainess, mimi nilitaka mema..."

"Chukua kofia yako uende kwako. Maharage ya leo si yako."

Mzee aliinuka, akachukua kofia. Alipotoka, Bi Fainess alimvuta binti yake akakaa sakafuni karibu naye, akamlaza kichwa mapajani pake kama alipokuwa mdogo.

"Bado unampenda?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Mh. Hilo halitaisha kesho, usijidanganye." Alimpapasa nywele. "Na ile Rwanda, ulikuwa unaipenda kabla ya yeye kulia?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi sitasema nenda, maana nikisema nenda nitakuwa muongo. Sitaki uende. Nitalia mpaka majirani wanichoke. Lakini sitaki kuwa mtu wa tatu kukuamulia."

*

Jumanne Tionge alikwenda kazini, akaonja chai, akasaini yaliyohitaji kusainiwa, na hakuzungumza na Masauko. Jumatano aliamka akajichunguza. Alijiuliza kama hasira bado ipo. Ilikuwepo, imekaa pembeni, inamngoja. Akajiuliza, kama Masauko asingekuwepo duniani, angekwenda wapi? Jibu lilikuja bila kusukumwa. Akavaa gauni lake zuri, akapanda gari kwenda Limbe.

Ijumaa asubuhi alimpelekea Bwana Kainja barua ya kuacha kazi. Mkurugenzi alipiga meza, akasema wanawake ndivyo walivyo, halafu akaomba radhi, halafu akamwuliza kama ni suala la mshahara. Tionge alisema hapana. Atatumikia notisi yake yote, na atamfundisha atakayekuja.

Mchana, mlango wa ofisi ulibishwa. Masauko aliingia amevaa shati jeupe, lile la sherehe. Alikuwa amekonda kwa siku chache tu. Akasimama mbele ya meza, na moyo wa Tionge, mjinga yule, ukaruka kumpokea kama zamani.

"Sijaja kugombana," Masauko alisema.

"Kaa."

"Nitasimama. Bi Mukarwego hapokei simu zangu tangu juzi, najua una hasira na labda umemwambia lolote. Sikulaumu. Lakini nimeamua, Tionge. Hapa siwezi tena. Kila nikikuona najiona mimi nilivyo. Naacha kazi leo. Nimeshamwambia msimamizi wa zamu atafute mtu. Nitapanda basi Jumapili, nikifika kule nitajieleza mwenyewe. Naomba tu uniachilie bila ile miezi mitatu. Kama umewahi kunipenda."

Tionge alimtazama. Ilikuwa rahisi mno. Neno moja tu, 'nenda', na huyu mwanamume angetoka pale akiwa hana kazi, angesafiri siku na siku mpaka kwenye mlima ule, na angekuta mlango umefungwa. Angeonja kidogo kile alichomwonjesha yeye. Na hakuna ambaye angemlaumu. Ameomba mwenyewe, amepewa.

Neno lilimfika kwenye ulimi. Alilisikia lilivyo tamu.

"Usiache kazi," alisema.

"Unanizuia? Unanikomoa?"

"Sikuzuii. Nakwambia usiache kazi, utabaki huna mbele wala nyuma. Ile nafasi haipo tena. Imeshachukuliwa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

Ilimchukua muda kuelewa. Tionge aliona maana ikimwingia polepole, ikipita machoni, ikishuka mabegani, mpaka kile kiti alichokikataa kikabidi kimpokee. Masauko alikaa. Alikaa hivyo, mikono imelegea katikati ya magoti.

"Unaenda," alisema.

"Naenda."

"Na sisi?"

"Mjomba atarudisha ujumbe kwa wajomba zako. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyomwachia, naye ataifanya vizuri, maana ana aibu."

"Ningekufuata, Tionge. Sasa hivi ukiniambia nikushikie mwavuli, nitashika."

"Najua," alisema. "Sasa hivi ungeshika."

Masauko alitikisa kichwa. Aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, mkono ukiwa kwenye kitasa akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini makavu.

"Ungeweza kuniacha niache kazi," alisema. "Niende, nikaaibike huko. Ningestahili. Kwa nini umeniambia?"

Tionge alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu alitaka liwe jibu la kweli.

"Kwa sababu wewe ungeninyamazia," alisema.

Masauko alifungua mlango akatoka, akaurudisha nyuma yake taratibu, kwa adabu, kama anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa. Tionge alisikiliza viatu vyake vikienda mpaka mwisho wa korido, vikishuka ngazi, vikamezwa na ngurumo za mashine.

Ndipo akalaza kichwa mezani. Alilia kilio chote alichokikataa tangu Jumatatu, kilio cha kwikwi na makamasi, na alimlilia yeye, yule yule, jina lake likimtoka mdomoni bila ruhusa. Alipomaliza aliosha uso kwenye sinki la chumba cha kuonjea, akajitazama kwenye kioo macho yamevimba, akaona hayafichiki. Akayaacha hivyo hivyo, akashuka ngazi kwenda kuangalia zamu ya jioni.